Mitende Arobaini na Mitatu ya Kadhim

Ijumaa, 3 Agosti 1990

Binti yangu Ibtisam amefunga shule na kuniachia nusu daftari tupu, nami sipendi kitu kiharibike. Nitaandika humu mpaka msimu wa tende uishe. Nianze na jambo lenyewe: shambani mwetu imebaki mitende arobaini na mitatu, yote ya halawi, tende tamu za kuuzwa nje, yote ya mume wangu Kadhim. Zamani ilizidi mia nne. Mingine ilikatwa vichwa na mizinga katika ile vita ya miaka minane, na magogo yake bado yamesimama kando ya mfereji, hayana jani wala faida.

Kadhim mwenyewe alitekwa au alikufa mwaka wa themanini na mbili. Serikali haijui, nami nimechoka kuiuliza. Tangu hapo mitende naitunza mimi. Natafuta wakwezi wa kuichavusha, nafungulia maji, nagombana na Khalaf, mdogo wake Kadhim, ambaye kila mwaka ana mpango mpya wa kuiuza. Nataka Kadhim akirudi aikute imesimama. Sina haja nyingine kubwa duniani, na sioni haya kuiandika.

Jana jeshi letu liliingia Kuwait. Redio iliimba tangu alfajiri mpaka mama mkwe akaizima kwa fimbo.

Jumamosi, 4 Agosti

Tende zimeanza kugeuka rangi. Joto la kuua nzi.

Jumanne, 7 Agosti

Haji Zamil, mwenye banda la kufungashia tende, alituita wanawake wote kabla hatujafungua hata sanduku moja. Tulikuwa tumeshakaa kwenye mikeka yetu, mabakuli ya maji mbele yetu, vidole tayari.

"Dunia imetufungia mlango," akasema. "Hawatuuzii kitu, na hawanunui chochote chetu. Meli iliyokuwa inakuja Umm Qasr kuchukua tende imegeuzwa njiani."

Fakhriya, ambaye mdomo wake haujawahi kuchukua likizo, akauliza, "Haji, tende zimekosa nini? Nazo ziliingia Kuwait?"

Tulicheka mpaka Haji mwenyewe akaficha uso kwa shuka lake la kichwani. Kisha akasema ni wiki tatu tu, wakubwa watasikilizana, na halawi yetu itafika London kabla ya baridi.

"Wiki tatu za nani, Haji? Ile vita iliyopita nayo mlisema wiki tatu."

"Fakhriya, nenda nyumbani."

"Si ndiko tunakokwenda sote?"

Mimi nilimwamini Haji. Ana ndevu za kuaminika.

Jumapili, 12 Agosti

Leo sharji, ule upepo wa kusini-mashariki unaokuja na unyevu wa bahari. Nguo hazikauki na watu hawasemezani. Tende zikibaki mtini wakati wa sharji hutoka jasho, kisha huchacha. Bado mapema, hazijaiva za kutosha kuchacha.

Jumatatu, 13 Agosti

Sharji.

Alhamisi, 16 Agosti

Redio imesema tumepatana na Iran. Mateka wote watarudi, wao walete wetu, sisi tupeleke wao. Kuanzia kesho! Nilikuwa nakanda unga. Nilitoka nje na mikono yangu ya unga nikakimbia mpaka mfereji, sijui kwa nini mfereji, nikarudi.

Mama mkwe, Bi Hasna, alikuwa amekaa palepale mlangoni akichambua mchele.

"Mama, umesikia?"

"Mimi si kiziwi."

"Kadhim atarudi."

"Mwanangu nimeshamlilia mwaka wa nne tangu apotee. Nilikaa matanga yake siku saba, watu wakala, wakaondoka. Sitamlilia mara ya pili kwa ajili ya redio."

Akaendelea na mchele wake. Nilimwona mwanamke mwenye roho ngumu kuliko wote niliowajua. Nimemvumilia miaka kumi, leo nimemchukia.

Jumapili, 19 Agosti

Tulikwenda mjini Basra na Ibtisam, kituo cha mabasi. Nilibeba picha ya Kadhim. Kila mwanamke alikuwa na picha, na kila mateka aliyeshuka alizungukwa na picha hamsini akaulizwa kama amemwona huyu, au huyu. Mmoja aliziangalia zote kwa adabu, moja baada ya nyingine, kisha akakaa chini katikati ya barabara akalia. Yake mwenyewe haikuwepo.

Ibtisam hajawahi kumwona baba yake. Aliniuliza atamjuaje. Nikamwambia yeye ndiye atakayekujua wewe. Uongo, alimwacha tumboni.

Jumanne, 21 Agosti

Nimegombana na Khalaf, na nadhani nimeshinda.

"Shemeji, tende zimeiva. Tuzikate leo, tuuze kwa yeyote."

"Yeyote ni nani? Banda la Haji limefungwa. Ukizikata utaziweka wapi, kitandani kwako?"

"Tutajaribu soko la mjini."

"Basra nzima ina tende, Khalaf. Nani atanunua tende Basra? Tende za halawi ni za meli. Zikikaa mtini wiki moja zaidi haziharibiki. Meli ikija, tutakuwa na tende safi za kutoka mtini, wenzetu watakuwa na uji."

"Na sharji ikirudi?"

"Sharji imeshapita."

Alinitazama sana. Ana watoto watano, na shati lake limeisha kwenye kola. Akasema, "Haya, wewe ndiye mwenye mitende," kwa sauti ya kunidhihaki, akaondoka. Nimefurahi kumnyamazisha.

Ijumaa, 24 Agosti

Mabasi: hakuna wetu.

Jumamosi, 25 Agosti

Sharji.

Jumapili, 26 Agosti

Sharji. Asubuhi tende zilikuwa zinadondosha maji. Nilimlipa mkwezi akate kichala kimoja. Nilikula moja, nikajiambia ladha ni ileile.

Jumatatu, 27 Agosti

Sharji ya siku ya tatu. Haji Zamil alikuja kwa miguu. Alichukua tende moja, akaipasua kwa kucha, akainusa, akanirudishia mkononi kama mtu anayerudisha sarafu mbovu.

"Hizi ni za ng'ombe, Mama Ibtisam."

"Zote?"

"Ungekata wiki iliyopita..." Hakumaliza. Khalaf alikuwa amesimama nyuma yake. Angesema neno, ningepata wa kumjibu.

Alhamisi, 30 Agosti

Niandike polepole, nisije nikajidanganya baadaye.

Kwetu mtende usiozaa hutishwa. Mwenye shamba huuendea na shoka mbele ya watu, akausemesha: wewe huzai, leo nakukata. Huupiga mara tatu kwa kisogo cha shoka. Jirani hutokea mbio, akamshika mkono na kusema mwache, namdhamini mimi, mwakani atazaa. Wote hucheka, hunywa chai, na mwaka unaofuata mtende huzaa, au hauzai. Ni mchezo wa mwezi wa pili au wa tatu, wakati wa kuchavusha. Sijawahi kuuona ukichezwa Agosti. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, wala sikushtuka.

Tunao mmoja usiozaa, tunamwita Mkaidi. Asubuhi Khalaf alipita nyumba kwa nyumba: njooni, leo namtisha Mkaidi. Watu walikuja kwa wingi, maana kazi hakuna na kicheko kimeadimika. Nyuma yake walikuwepo wanaume wawili nisiowajua, wamebeba msumeno mrefu. Nilidhani ni madoido, kwamba mwaka huu ameamua kutia chumvi.

"We Mkaidi!" Khalaf akapaza sauti. "Maji yetu unakunywa, mbolea yetu unakula, tende hata ya kumlisha kunguru hutoi! Leo ndiyo siku yako!"

Akapiga kwa kisogo. Watu wakashangilia. Zamani mdhamini alikuwa Kadhim. Nikajitokeza mimi, mwanamke, na Fakhriya akapiga kigelegele.

"Mwache, shemeji! Namdhamini mimi!"

"Unamdhamini kwa kitu gani?"

"Kwa shingo yangu! Mwakani atazaa!"

"Haya, nimemwacha kwa ajili yako." Akanitazama, nami nilikuwa nawatazama watu waliokuwa wakinicheka, nikifurahi kuchekwa kwa heri baada ya wiki ile. "Lakini shoka limeshatoka nyumbani."

Akaenda kwenye mtende wa karibu yake, uliolemewa na vichala, akageuza shoka, akapiga kwa makali.

Watu waliendelea kucheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Wale wanaume wawili wakatia msumeno na watu wanacheka. Nilimkimbilia Khalaf nikamshika mkono, "Mwache, namdhamini!" na wakacheka zaidi, kwa sababu maneno yalikuwa yaleyale. Nilipiga kelele, wakacheka. Nilimng'ata mkono, Fakhriya akasema, "Mama Ibtisam leo ametia fora!" Kisha mtende ukalia kwa ndani, ukalala juu ya mfereji, maji yakaturukia usoni. Ndipo wakanyamaza.

Khalaf alikuwa na karatasi. Jeshi linataka magogo ya kuezekea mahandaki huko Kuwait, na yupo mtu anayeyakusanya. Shaha, ule moyo mweupe wa kileleni, wake za maofisa wanaugombania mjini. Ukitoa shaha mtende umekufa. Wakati wa vita tulikula mashaha ya mitende iliyouawa na mizinga, tukila huku tunalia, lakini hakuna aliyewahi kuua mtende mzima wenye tende ili ale moyo wake. Karatasi ilikuwa na alama ya dole gumba ya Bi Hasna ya kuridhia.

"Mama, umetia dole?"

"Nimetia."

"Na Kadhim?"

"Kadhim nimeshakwambia. Wajukuu zangu sita hawajafa bado, nao wanataka unga."

Majirani walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, wakitazama chini. Hakuna aliyemzuia. Nani angemzuia, baada ya kucheka vile?

Jumamosi, 1 Septemba

Misumeno. Kadi za mgao zimetolewa: unga, mchele, sukari kidogo.

Jumatatu, 3 Septemba

Misumeno. Nilimkuta Ibtisam nyuma ya nyumba na binamu zake, anakula shaha. Nikampiga kibao. Alikimbia akaliacha. Nikalila mimi lililobaki, nimesimama, mpaka likaisha. Lilikuwa tamu.

Alhamisi, 6 Septemba

Wamemaliza. Amebaki Mkaidi peke yake, maana gogo lake limepinda na shaha lake wamesema litakuwa jembamba. Lori lilichukua magogo asubuhi, na vichala vilivyochacha walipewa ng'ombe. Mabasi: hakuna.

Jumapili, 9 Septemba

Haji Zamil amekuja tena, safari hii kwa haraka, jasho linamtiririka.

"Mama Ibtisam, una tende zozote? Hata zile zilizochacha. Sukari haionekani Basra nzima, watu wanataka asali ya tende, wanagombana mlangoni kwangu. Nimefungua banda. Leteni chochote kilicho mtini."

Nikamshika mkono, mtu mzima, Haji, nikampeleka nyuma ya nyumba nikamwonyesha. Visiki arobaini na viwili. Alisoma dua fulani. Mimi nilicheka, na nilipoanza sikuweza kuacha, ikabidi Fakhriya aitwe.

Jioni Khalaf alikuja. Hakuingia, aliegemea ukuta wa nje nami nikiwa ndani, dirisha kati yetu.

"Shemeji."

"Sema."

"Siku ile nilitaka mtu anizuie."

"Nilikuzuia. Nilikung'ata."

"Kabla ya hapo. Niliwaita wote. Nilisema moyoni, nikiinua shoka watajua, Agosti hii, watajua tu, wataninyang'anya. Ningerudi kwa mama nikamwambia watu wamekataa. Nyote mlikuwa mnacheka."

Nikamwambia ni mwongo. Akasema pengine. Akakaa pale pale ukutani, nami sikumpa hata maji. Nimemjua Khalaf miaka kumi na kumwita mvivu na mlafi, na sasa sijui nimwiteje. Kama amesema kweli, basi tulimsukuma mkono sote kwa kicheko. Kama ni uongo, ni uongo mzuri kuliko akili yake. Na mimi ndiye niliyeziacha tende mtini. Nimeliandika, basi, likae.

Ijumaa, 14 Septemba

Mabasi: hakuna. Wanasema yanakaribia kuisha.

Jumatano, 19 Septemba

Amekuja.

Alhamisi, 20 Septemba

Jana sikuweza zaidi ya neno lile.

Aliletwa na mateka mwenzake, mtu wa Zubair, amemshika kiwiko. Nilidhani amechoka. Mtu wa Zubair akaniambia taratibu, kama mtu anayetoa habari za bei, kwamba Kadhim haoni. Macho yalimuuma kambini mwaka wa tano, dawa hakuna, yakaisha. Anatofautisha mchana na usiku, basi.

Bi Hasna alitoka, akasimama mbele yake. Nilingoja aseme nimeshakulilia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa masikio kama anayekagua mwanakondoo sokoni, kisha akaanguka. Tulimwinua watatu. Siwezi tena kumchukia, nimejaribu.

Tulipomkalisha Kadhim na kumpa chai, swali lake la kwanza halikuwa mimi wala mtoto.

"Mitende?"

Chumba kizima kilinitazama mimi. Khalaf alikuwa anatazama kikombe chake.

"Ipo," nikasema.

"Mingapi iliyosalimika?"

"Arobaini na mitatu."

Akatabasamu. Nilimwona kijana niliyeolewa naye. Akasema, "Miaka minane nilikuwa naichavusha kila usingizi ukikataa. Mmoja mmoja, kwa mkono." Akamwita Ibtisam, akampapasa nywele.

Ijumaa, 21 Septemba

Khalaf ananiambia tumwambie. Fakhriya ananiambia tusimwambie mpaka apate nguvu, ni mifupa mitupu. Nimesema atakayemwambia nitamtoa roho. Wameniamini.

Jumamosi, 22 Septemba

Asubuhi, mara baada ya chai, alisimama.

"Nipeleke shambani. Nataka niiguse."

"Kesho. Bado hujapumzika."

"Mama Ibtisam, miaka minane nimepumzika."

Nikamshika mkono. Sikuwa na mpango, nilimtoa nje tu. Nilipita kando ya visiki ili asijikwae, nikamfikisha kwa Mkaidi, nikamwekea kiganja juu ya gogo. Akalipapasa kwa mikono yote miwili, polepole, juu na chini.

"Mmoja," akasema.

Hapo ndipo nilipoona la kufanya, na shetani gani alinionyesha sijui. Nilimshika mkono, nikamtembeza hatua ishirini kuelekea mfereji, nikamzungusha, nikamrudisha kwa upande mwingine. Mkaidi tena. Akapapasa.

"Miwili."

Tukaenda. Mara nyingine nilimpeleka mbali, mara nyingine karibu, nikimwambia chunga, hapa kuna mtaro, hapa inama, vichala viko chini. Naye aliinama! Aliinamia vichala ambavyo havipo. Kumi. Kumi na tano. Khalaf alitoka akasimama mlangoni, akaona ninachofanya, akafunika uso akarudi ndani. Nilijisifu. Nilisema moyoni, basi nimempa mitende yake, nani mwingine angeweza?

Kwenye wa ishirini miguu ilianza kuniuma. Wa thelathini jasho lilikuwa linaniingia machoni, na yeye pia alitokwa jasho, shati limemshika mgongoni.

"Tupumzike," nikasema. "Mingine kesho."

"Hapana. Yote."

Akaniminya mkono zaidi. Thelathini na tano. Arobaini. Sauti yake haikubadilika, alihesabu kama askari. Kwenye wa arobaini na tatu alipapasa kwa muda mrefu kuliko yote, kisha akaegemea gogo, akageuza uso wake juu.

"Shamba langu lilikuwa na kivuli," akasema. "Tangu tutoke mlangoni jua halijaniacha kichwani hata hatua moja."

Nikautoa mkono wangu mkononi mwake.

"Umejua tangu lini?" nikasema.

"Tangu wa kwanza. Kabla ya wa kwanza. Na huyu Mkaidi nilikuwa namkwea kabla sijakuoa, nitakosaje kumjua?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nijue utanizungusha mpaka lini."

Hakusema kwa hasira. Ningeelewa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza saa. Nilimtazama yule mtu niliyemngoja miaka minane, niliyemlindia magogo na majani dhidi ya ndugu zake, ambaye alikuwa ameniburuta mara arobaini na tatu juani akijua, akihesabu, akiinamia vichala vya uongo wangu. Na nikamchukia. Nililazimika kuliandika hapa, sina wa kumwambia.

Akanyoosha mkono hewani akiutafuta wangu. Nilikaa muda kabla sijampa. Kisha akaniomba nimrudishe ndani, maana jua lilikuwa limekuwa kali.